Moyo Usioambiwa Kitu

Kwetu Bunia ugonjwa wote ni malaria au tifoidi. Ukiumwa kichwa ni malaria. Ukiumwa tumbo ni tifoidi. Ukianguka na pikipiki ukavunjika mkono, watakutoboa kidole kwanza kupima malaria, halafu ndiyo waulize habari za mkono. Kwa hiyo nilipoanza kuhema nikipanda kile kilima cha shule, na miguu kuwa mizito kila ikifika saa nane ya mchana, nilijua ninaumwa nini na dawa yake ni ipi. Nilienda kwenye kituo cha afya cha kwetu Ngezi ili mtu mwenye koti jeupe akubaliane nami na kuweka muhuri.

Docta alikuwa kijana sana. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita tangu zamani, na mtu yeyote wa umri ule katika mji huu naanza kwa kumtazama masikio, nione kama niliwahi kuyavuta. Haya sikuyakumbuka. Aliweka chombo chake kifuani kwangu, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Akaniambia nipumue. Akaniambia nisipumue. Kisha akafumba macho, na hapo nikaanza kuwa na mashaka, maana hakuna mtu anayefumba macho kwa ajili ya malaria.

"Mama," alisema, "nasikia kelele mu moyo."

Nilimjibu kwamba ninakaa na watoto sitini katika chumba kimoja, kelele imeingia kila mahali. Hakucheka. Alianza kunieleza kwa Kifaransa, na kwetu mtu akiacha Kiswahili katikati ya mazungumzo akaingia kwenye Kifaransa, ujue mambo yameharibika. Nilichoshika ni hiki: pengine mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, pengine si kitu. Ili kujua, lazima moyo upigwe picha na mashine ya ekografi, na mtaalamu wa mashine hiyo anatoka Kisangani, anakuja Bunia kwa ndege mara moja moja. Safari hii angekuja baada ya wiki tatu, kama ndege ingependa. Nisibebe vitu vizito, nisile chumvi nyingi, nisikasirike. Nilimuuliza mwalimu wa darasa la sita asiyekasirika anapatikana wapi. Aliniandikia karatasi, akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia nisiogope. Mpaka dakika ile nilikuwa siogopi.

Nilimwambia mume wangu peke yake. Yeye ni fundi seremala, karakana yake iko uani kwetu. Anatengeneza vitanda, kabati, madawati ya shule na, kwa kuwa watu hawaachi kufa, masanduku ya kuzikia pia. Ni mtu wa maneno machache. Ukimwuliza kitu anapiga randa mara tatu kwanza ndipo ajibu. Nilimwapisha asimwambie mtu, akaapa. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, jirani wa kwanza aliingia na majani ya avoka.

Hayo majani, alisema, nichemshe nikanywe asubuhi na jioni. Akaongeza kwamba mficha maradhi kilio humfichua, kwa hiyo ningefanya vizuri kumwambia yeye mwenyewe kuliko aisikie kisimani. Baada yake akaja wa kitunguu saumu, na baada ya kitunguu saumu yule wa kunikataza kitunguu saumu. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alifunuliwa kwamba ugonjwa umetumwa na mwalimu mwenzangu anayetaka chumba changu cha darasa. Nilimwambia chumba chenyewe kinavuja, shetani gani huyo asiyejua kuchagua. Mji mzima, kila mtu alikuwa amekwisha kujua ninaumwa nini, isipokuwa docta tu, ambaye alikuwa anangojea mashine.

Korali ya kanisa ilikuja kuniimbia. Wana sauti nzuri, sisemi hapana. Waliimba nyimbo tatu, na zote tatu nilizikumbuka vizuri nilizisikia wapi mwisho: mazikoni. Nilimwuliza kiongozi wao kama hakuna hata moja ya arusi. Alisema kwa haya kwamba siku hizi wanatumika sana na hizo, nyingine zimewatoka kichwani.

Lakini hayo yote ni mchezo. Kitu kilichonitesa kweli ni sheria, na sheria yenyewe niliiandika mimi.

Kwetu mtu wa moyo haambiwi habari mbaya. Anayeumwa moyo, au mwenye tension, yaani presha ya juu, akipata habari ya kifo ghafula, atakufa hapo hapo na mtakuwa na vilio viwili badala ya kimoja. Kila mtu anajua. Ila watu wengi ni wavivu katika kuficha. Wanamficha mgonjwa kwa sura za huzuni, wanakohoa akiingia, na mgonjwa anashika maana kabla hajakaa kitini. Mimi nilikuwa na kipaji. Miaka michache nyuma, muzee jirani yetu wa upande wa kushoto, mwenye tension, alifiwa na mdogo wake huko Djugu. Familia ilikuwa imechanganyikiwa. Niliwaita jikoni kwangu, nikawapanga kama darasa. Nikasema mdogo wa muzee amekwenda kuchimba dhahabu, mahali pasipo na mtandao. Nikampa shimo, nikampa tajiri Mwislamu mwenye roho nzuri, nikampa hata rafiki wa kupika naye. Kila wiki nilimpelekea muzee salamu: mdogo wako anakusalimia, ameonekana, amenenepa. Nilifanya hivyo miezi miwili, mpaka tension iliposhuka, ndipo wakamkalisha na kumwambia.

Muzee hakunisalimia muda mrefu. Halafu siku moja alisimama kwenye ua wa miti kati ya nyumba zetu akaniambia, bila kunitazama, kwamba zile salamu za marehemu zilikuwa tamu. Tangu hapo tuliendelea vizuri, na mimi nikajulikana katika avenyu yetu yote kama mtu anayejua kazi hiyo. Watu walikuja kuniuliza jinsi ya kumficha fulani. Nilikuwa natoa masharti: uwongo uwe mfupi, uwe na kitu kimoja cha kweli ndani yake, na asipewe mtoto kuubeba.

Sasa sheria ikanirudia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, na mimi niliingia kichwa chini miguu juu. Betri za redio zilipotea siku ya tatu. Niliambiwa zimekufa, nikatuma zinunuliwe nyingine, zikafika nazo zimekufa. Watoto wangu, ambao hawajawahi kula mezani bila kugombana, walianza kupeana nyama. Direkta wa shule alikuja kuniambia nipumzike nyumbani tu, darasa langu limetulia, wote wanajua sehemu na asilimia. Nilifundisha watoto wale tangu Septemba. Wakijua sehemu na asilimia, basi ni Roho Mtakatifu alishuka, na angepaswa kunijulisha.

Kila mgeni nilimwuliza habari. Nzuri tu. Na huko Djugu? Nzuri kabisa. Barabara? Wazi. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyeibiwa ng'ombe, hata mvua ilikuwa inanyesha shambani tu bila kugusa barabara. Kwa wiki zile Ituri yote ilikuwa na amani kwa ajili ya moyo wangu. Nilikaa kwenye kiti changu nikafikiri: kumbe dawa ya mkoa huu ni mimi kuugua. Wakubwa wamekaa mikutano mingi, wameandika karatasi, wamepanda ndege, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniomba. Ningeumwa zamani.

Nilicheka hivyo mchana, mbele ya watu. Nikiwa peke yangu jikoni sikucheka. Nilikuwa naacha sufuria motoni nikaweka mkono kifuani, nahesabu. Moyo ukipiga mara mbili haraka, jasho lilinitoka. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuogopa kitu kilicho ndani ya nguo yake. Niliwaza mtoto wangu wa mwisho, ambaye hajamaliza shule, nani atamfokea ili amalize, maana baba yake hajui kufoka. Niliwaza binti yangu mkubwa, arusi yake sitaiona. Nilimwomba Mungu anipe miaka kumi, nikafikiri nimeomba kidogo, nikarudi kuomba ishirini. Nilikuwa naogopa kufa, nasema wazi. Wanaosema hawaogopi, waende wafumbiwe macho na docta kwanza.

Na nilimtaka mama yangu mudogo.

Mama alinizaa, akafa nikiwa sijaota meno yote. Mdogo wake ndiye aliyenibeba, akanilisha, akanipeleka shule akiniburuta kwa mkono. Alikuwa wa Bule, kijiji cha huko Djugu. Vita ilipomfukuza alikaa hapa Bunia katika kambi ya wakimbizi miaka kadhaa, amekasirika kila siku, kisha mambo yalipotulia kidogo alichukua jembe akarudi kwake. Sisi sote tulimkataza. Alisema mahema hayaoti maharagi. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, na haijawahi kuwa na yuniti hata siku moja. Alikuwa ananibipa tu: anapiga, inalia mara moja, anakata, nimpigie mimi. Kila Jumapili baada ya ibada alibipa mara tatu. Alisema moja ni kosa la kidole, mbili ni la mjinga, tatu ni mimi.

Kuhusu moyo wangu sikuwa nimemwambia. Sheria ni sheria. Na yeye alikuwa mtu mzima, nisije nikamwua kwa habari yangu. Jumapili zile za kwanza nilimpigia, nikamwambia niko muzima, akaniambia sauti yangu ni ya mtu anayekula vibaya. Nilikata simu nikalia kidogo, kwa raha ya kutukanwa.

Wiki tatu zilipokwisha, mtaalamu wa Kisangani hakuja. Ndege iliharibika. Wakasema wiki ijayo. Wiki ijayo ndege ilikuja na mtaalamu hakuwemo. Wakasema yuko njiani, neno ambalo kwetu linaweza kuchukua mwaka mzima. Nilianza kuwa mbaya. Nilimfokea kuku. Nilimfokea yule wa majani ya avoka. Na katika wiki hiyo ndipo nilipomfokea mume wangu kwa ajili ya mbao.

Alikuwa na mbao za libuyu, nzito, nyekundu, nzuri, alizoziweka chini ya paa miaka mitatu zikauke. Zilikuwa za kitanda chetu. Seremala analala kwenye kitanda kinacholia, ndivyo ilivyo, na alikuwa ameniahidi kwamba mbao zile hataziuza kwa mtu. Asubuhi moja nilisikia msumeno, nikatoka, na mlango wa karakana ulikuwa umefungwa. Mlango ule haujawahi kufungwa tangu aujenge. Niliangalia chini ya paa: mbao hazikuwepo. Niligonga. Alitoka amejaa unga wa mbao mpaka kwenye kope. Nilimwuliza anatengeneza nini na libuyu yangu. Akasema kabati. Kabati ya nani? Ya mtu wa nje ya mji. Basi fungua niione. Hakufungua.

Hapo nilisema maneno ambayo hadi leo nayasikia. Nilisema, kwa sauti ya kufika avenyu ya pili, kwamba najua anachotengeneza, kwamba ananipimia sanduku ningali napumua, hata docta hajasema neno na yeye amekwisha kukata mbao. Nilimwuliza kama amechukua kipimo changu nikiwa nimelala. Majirani walisikia wote. Mume wangu alisimama pale, mikono inaning'inia, akanitazama, na hakupiga hata randa moja. Alisema tu, polepole, "Mama, haiko yako," akarudi ndani akafunga.

Alasiri ile ile gari lilikuja. Walipakia kitu kirefu, kimefunikwa kitenge, na mume wangu akaondoka nacho pamoja na binti yetu mkubwa, wa kumsaidia kupaka vernis, ile rangi ya kung'arisha mbao, walisema. Muzee wa upande wa kushoto naye alipanda, akisema ana safari ya upande huo huo. Sikutoka kuwaaga. Nilikuwa nimenuna.

Walirudi siku ya tatu, baba na binti, vichwa vimenyolewa. Binti yangu, ambaye kwa nywele zake alikuwa anakesha na kioo. Nilimwuliza kulikoni. Alisema walipolala kulikuwa na chawa. Na baba yako? Baba, akasema, alinyoa ili yeye binti asione haya peke yake. Basi nililainika. Nilisahau libuyu, nilisahau sanduku. Jumatano nilisimama kwenye kikundi cha maombi nikatoa ushuhuda juu ya mume wangu: mwanaume gani Bunia hii anaweza kunyoa kichwa kwa ajili ya haya ya binti yake? Akina mama wote waliinamisha vichwa. Wawili walijifuta macho kwa kitenge. Nilikaa chini nimeridhika, nikidhani nimewagusa.

Mimi ninayemkamata mtoto anayekopia safu ya mwisho nikiwa bado mlangoni sikuona kitu. Macho yangu yote yalikuwa kifuani kwangu.

Jumapili ile simu haikubipa. Nilimpigia mimi, haikupatikana. Mume wangu alisema mnara wa Bule umekosa mafuta. Kweli, unakosa. Jumapili iliyofuata nilianza kusumbua: atafutwe mtu wa Bule sokoni, aulizwe. Jioni simu ikabipa. Mara moja, mara mbili. Nilingojea ya tatu, haikuja. Nikapiga, ikalia, hakuna aliyepokea. Nilisema mwanamke huyu ameshaanza kuzeeka, hajui hata kuhesabu. Lakini nilifurahi sana. Binti yangu aliinuka akaenda nje kuangalia kama nguo zimekauka, na hakukuwa na nguo kambani.

Kesho yake muzee alikuja akakaa. Aliniuliza moyo, nikamwambia unangoja ndege. Akasema alipita Bule katika ile safari yake. Mama mudogo wangu ananisalimia, akasema, na maharagi yake yameota, safu zimenyooka, hajaona maharagi ya namna ile mwaka huu. Nilimshukuru. Nilimwuliza kama bado anatukana watu. Muzee akasema hapana, ametulia sasa.

Mtaalamu alifika siku ambayo hakuna aliyemtazamia. Hospitali ilikuwa imejaa watu wa moyo, tumepangwa kwenye benchi ndefu, kila mmoja anasikiliza kifua chake na kupima cha mwenzake kwa jicho. Mzee mmoja mfanyabiashara alituambia moyo wake ni mkubwa kuliko wa kawaida, alisema kwa kiburi kidogo. Kwanza umeme ulikatika. Wakatafuta mafuta ya jenereta. Jenereta ikawaka, ile dawa baridi ya kupaka kifuani ikawa imekwisha, mtu akatumwa na pikipiki. Tulikaa. Nilimshika mume wangu mkono mbele za watu, jambo ambalo sijafanya tangu arusi, na yeye aliuacha hapo.

Niliingia. Mtaalamu alinipaka baridi, akazungusha mashine, akanionyesha kwenye kioo kitu cha kijivu kinachokunja na kukunjua ngumi. Ni wewe huyu, alisema. Nilikitazama nikaona huruma, kinatumika hivyo miaka hamsini na moja bila siku ya mapumziko. Alipima huku, akapima kule. Nilikuwa nasoma uso wake. Hakufumba macho. Mwisho akasema milango yote inafunga, moyo uko mzuri, na ile kelele ni ya bure, watu wengi wanayo na hawajui. Kuhema kwangu ni upungufu wa damu. Nikameze vidonge vya chuma, nile sombe, yale majani ya muhogo, na nirudi kwenye watoto wangu sitini.

Nililia kwa furaha, nikacheka, nikamwambia Mungu ambariki yeye na ndege yake. Mume wangu aliitwa. Alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja, kwa Kiswahili, polepole.

"Docta, sasa anaweza kuvumilia mambo ya nguvu?"

"Hata jembe," docta alijibu.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilisema mnaona, sijavaa hata blauzi na ameshanitafutia shamba. Mume wangu hakucheka. Aliomba karatasi iandikwe vizuri na ipigwe muhuri.

Nje nilitaka kumpigia mama mudogo pale pale, nimwambie yote, ugonjwa na uponyaji, anitukane kwa pamoja. Mume wangu alisema tufike nyumbani kwanza. Nilinunua samaki njiani, wakubwa, wa ziwa. Nilikuwa nimepanga kichwani nani nitamwita kula na nani nitamnyima, na yule wa majani ya avoka alikuwa mikononi mwangu.

Tulipofika uani viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa. Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwepo, na akina mama wa maombi, na direkta wangu, na muzee. Nilisema aksanti, kumbe habari imenitangulia, mmekuja kumshukuru Mungu pamoja nami. Niliinua karatasi kwa mkono mmoja na samaki kwa mkono mwingine. Hakuna aliyepiga kigelegele. Binti yangu alikuja akanipokea samaki, na nikaona kichwa chake karibu, nywele zimeanza kuota sawasawa na za baba yake.

Muzee aliomba karatasi. Alivaa miwani, akaisoma kutoka juu mpaka chini, Kifaransa chote, akaupapasa muhuri kwa kidole. Akampa kaka wa mume wangu, naye akaisoma. Wakarudishiana. Ndipo nikajua. Niliipanga hivyo hivyo mimi mwenyewe familia ya muzee, jikoni kwangu, kwa ajili yake: mtu mmoja wa kusema, na wengine karibu wa kushika mikono.

"Keti, mama mwalimu," muzee alisema. "Moyo yako iko nguvu, karatasi inasema. Njo maana siye tuko hapa." Alingoja nikae. "Mama yako mudogo alitutoka. Sasa iko wiki tatu. Ilikuwa homa, haikumukawisha. Tulimuzika kule kwake."

Watu wote walikuwa wananitazama kifuani. Hata mimi nilikuwa nangojea kitu kipasuke. Hakikupasuka. Moyo ulikuwa unapiga vizuri tu, kama docta alivyosema, na nikauchukia. Ungekuwa mgonjwa siku moja zaidi, mama mudogo angekuwa Bule anapalilia.

Nilimtazama mume wangu. Aliniambia ile libuyu ilitosha vizuri, haikubaki hata ubao mmoja. Alikuwa amebeba matusi yangu yote ya asubuhi ile kwa wiki tatu bila kuyatua. Binti yangu alitoa mfukoni mwake ile simu ndogo ya vitufe, imezimwa sauti, akaiweka magotini mwangu. Alisema hakujua ni kubipa mara ngapi.

Sikuweza kuwafokea. Masharti waliyafuata yote isipokuwa lile la mtoto. Nilitafuta uwongo mmoja wa kushika, nikaukumbuka wa muzee.

"Na maharagi?" nilimwuliza.

Muzee alivua miwani.

"Maharagi iliota, mama. Niliona kwa macho yangu, siku ya kumuzika. Tulipita kando ya safu, tusiikanyange."

Hapo ndipo nikalia.